Kubadili wota pampu ya Toyota kwa mazingira ya Dodoma: kuchagua spea, kufunga na kujaza maji

Chungulia ndani ya birika la chai lililotumika mwaka mzima kwa maji ya kisima hapa Dodoma. Utaona gamba jeupe, gumu, ambalo ukilikwangua kwa kijiko linabanduka vipande vipande. Maji hayohayo ndiyo yanayomiminwa kwenye rejeta za magari mengi mjini, na humo yanapashwa moto siku nzima, mwaka baada ya mwaka. Kipande cha gamba kikifika kwenye sili ya wota pampu kinafanya kazi ya msasa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maji: pampu mpya iliyorudishiwa maji yaleyale yaliyoua ya kwanza haina safari ndefu.

Mfano wetu ni injini ya 1NZ-FE ya cc 1500, iliyomo kwenye IST, Probox, Raum, Fielder na Premio nyingi. 2NZ-FE ya cc 1300 ina mpangilio uleule. Injini nyingine tumezigusa mwishoni, kwa sababu kuna tofauti mbili tatu ambazo zikikupita zitakugharimu.

Je, ni pampu kweli?

Ndani ya pampu kuna vitu vitatu vinavyochakaa: beringi inayobeba shafti, sili inayozuia maji yasiifikie beringi, na mapanga yanayosukuma maji. Kila kimoja kina dalili yake.

Sili ikichoka, maji hutokea kwenye kitundu kidogo kilicho upande wa chini wa shingo ya pampu. Kitundu hicho kimewekwa makusudi na kiwanda ili maji yatoke nje yasije yakaingia kwenye beringi. Mara nyingi huoni tone lolote, kwa kuwa joto la injini linakausha kila kinachotoka na kubakiza mchirizi tu: mweupe kama chokaa kwa gari lililozoeshwa maji matupu, wa waridi, mwekundu au wa kijani kwa lenye kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa. Chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi, uangalie nyuma na chini ya puli. Vumbi letu hapa linasaidia, maana palipo na unyevu hushika tope na kuacha doa jeusi lisilofutika kwa kitambaa kikavu.

Wapo wanaoziba kitundu hicho kwa gamu ya chuma, gari likaonekana limepona. Halijapona. Maji yanabaki ndani, yanaosha grisi ya beringi, na beringi ikikwama au kukatika mkanda unatoka. Mkanda huo ndio unaozungusha pampu na alternator, kwa hiyo unapoteza mzunguko wa maji na chaji kwa wakati mmoja, pengine katikati ya Bahi na Manyoni usiku.

Beringi hujulikana kwa mlio: mkoromo unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini. Zima injini, iache ipoe, shika puli ya pampu juu na chini uitikise. Pampu nzima haina mchezo wowote. Ukihisi inacheza hata kidogo kama jino la mtoto, imekwisha. Kipimo hiki ni cha uhakika zaidi mkanda ukiwa umetolewa, kwa sababu mkanda uliokazwa unaibana shafti upande mmoja na kuficha mchezo.

Mapanga yaliyoliwa na kutu ni shida ya siri. Hakuna kinachovuja, mlio hakuna, mjini gari linakwenda vizuri, lakini likipanda Nyang'oro kuelekea Iringa likiwa na abiria watano na AC imewashwa, linachemsha. Gari lililotumia kulanti halipatwi na hili kirahisi. Lililokunywa maji matupu miaka mingi linaweza kufunguliwa na kukutwa mapanga yamebaki kama karatasi iliyoliwa na mchwa.

Kabla ya kwenda dukani, ondoa washukiwa wengine. Anza na kifuniko cha rejeta, kwa sababu ni rahisi na watu wengi hukidharau. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka karibu nyuzi 96. Kifuniko kizima cha 0.9 kinabana mgandamizo na kupandisha kiwango hicho hadi kama nyuzi 115. Raba yake ikikauka na kupasuka, umepoteza karibu nyuzi 20 za usalama hata kama pampu ni mpya kabisa. Nunua chenye namba ileile iliyogongwa juu ya cha zamani, 0.9 au 1.1, wala usipandishe ukidhani kikubwa ni bora. Mgandamizo wa ziada hupasua matangi ya plastiki ya rejeta.

Kisha angalia kama feni inawaka injini ikipata moto, na kama rejeta haijazibwa na vumbi na wadudu kwa nje. Ukifungua kifuniko injini ikiwa baridi, ukaiwasha na kuona mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma, au ukikuta mpira wa juu wa rejeta mgumu asubuhi kabla ya kuwasha, shaka iende kwenye hedi gasketi. Wota pampu haitatibu hilo.

Kwenye duka la spea

Nenda na namba ya chesisi, aina ya injini, na kama inawezekana pampu ya zamani mkononi. Kusema "wota pampu ya IST" hakutoshi, kwa kuwa kuna IST za injini zaidi ya moja. Pampu za Toyota huanza na namba 16100, kisha tarakimu tano nyingine zinazotaja injini. Kwa 1NZ-FE inayokutwa mara nyingi ni 16100-29085, lakini mwambie muuzaji aithibitishe kwa namba ya chesisi yako. Muuzaji anayejua kazi hufanya hivyo kabla hujamaliza kueleza.

Madaraja unayokutana nayo ni kama manne. Ya juu kabisa ni orijino ya Toyota ndani ya boksi lake. Inafuata ya Aisin, kampuni ambayo huitengenezea Toyota pampu, kwa hiyo mara nyingi unapata kitu kilekile kwa bei ndogo. Kwa maoni yetu hapa ndipo pesa inafanya kazi vizuri zaidi kwa gari la mtu wa kawaida. GMB nayo ni chaguo la heshima. Chini yake kuna majina mengi yanayobadilika kila kontena linapoingia, mengine mazuri, mengine takataka, na boksi peke yake halitakuambia lipi ni lipi. Daraja la nne ni pampu ya mtumba iliyotolewa kwenye injini iliyokatwa. Hiyo iache. Sili iliyokaa kavu miezi kadhaa baada ya kuwa ndani ya maji hunata na kupasuka, na huijui ilitembea kilomita ngapi.

Shida kubwa kuliko daraja ni bidhaa feki: jina kubwa kwenye boksi, kitu kingine ndani. Soma boksi taratibu. Herufi iliyobadilishwa, wino uliofifia, stika ya namba iliyobandikwa juu ya nyingine, yote hayo ni ya kutilia shaka. Boksi lililoandikwa kwamba ni "kwa ajili ya Toyota" si boksi la Toyota. Lakini boksi zuri nalo si ushahidi, kwa hiyo toa pampu nje palepale kaunta.

Zungusha shafti kwa vidole. Inatakiwa iende kwa uzito kidogo, laini, bila kukwaruza. Nyepesi mno kama feni ya karatasi maana yake sili haikugusa vizuri, na yenye kokoto ndani ni beringi mbovu kutoka kiwandani. Ishike flenji, ile sahani inayofungwa puli, uivute na kuisukuma, kisha uitikise pembeni, isicheze. Tazama uso unaokaa kwenye injini: uwe umechongwa mashineni, una mistari myembamba inayofanana, hauna vitundu vya hewa kwenye aluminiamu wala mikwaruzo inayokatisha kutoka ndani kwenda nje. Uweke juu ya kioo cha kaunta ubonyeze kila kona kwa kidole. Ikipiga mlio wa tik-tik haijanyooka. Angalia kama kitundu cha kuvujia kipo na hakijazibwa na rangi.

Kisha ilinganishe na ya zamani. Mashimo ya boliti yalingane, mapanga yaelekee upande uleule, na urefu kutoka uso wa pampu hadi ncha ya mapanga uwe sawa. Tumia rula. Tofauti ya milimita mbili ikiwa ndefu, mapanga yatakwangua ukuta wa ndani, na ikiwa fupi, maji hayatasukumwa vya kutosha na utabaki ukilaumu rejeta.

Gasketi iwe ndani ya boksi. Kama haimo, inunue. Gasketi ya zamani hairudishwi hata kama imetoka nzima.

Ukiagiza kutoka Kariakoo spea ije kwa basi, omba kwanza picha ya pampu yenyewe, sehemu ya mapanga na namba iliyogongwa, si picha ya boksi tu. Mkubaliane kabla ya kutuma pesa kwamba isipofanana inarudi, na nani analipa nauli ya kuirudisha. Dai risiti ya EFD. Pampu ikishapakwa silikoni au kuwa na alama ya boliti hakuna duka litakaloipokea, kwa hiyo ulinganishaji ufanyike kabla ya kufunga. Ukiuziwa feki, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, na bila risiti utakuwa huna pa kuanzia.

Vitu vya kuwa navyo

Soketi na spana namba 10, 12 na 14, racheti fupi na ndefu, koleo la klipu, bisibisi bapa kwa bisibisi ya nyota, jeki na stendi imara, beseni la lita 8 hivi, matambara safi, kikwanguo cha plastiki na spana ya torki ndogo, ile inayopima nguvu ya kukaza. Hiyo ya mwisho inaweza kuazimwa. Kwa upande wa spea: pampu na gasketi yake, mkanda kama una mipasuko au mifereji imekatika, thamostati (kivalvu kinachofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto) na raba yake, na kulanti. Kazi ni ya saa mbili hadi tatu kwa anayeifanya mara ya kwanza, na injini iwe imelala baridi. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa moto hurusha maji juu usoni, na kovu lake halifutiki.

Kufungua

Egesha pasipo na mteremko, vuta hendibreki, weka mawe nyuma ya magurudumu. Toa waya hasi wa betri kwa spana 10, kwa kuwa utafanya kazi jirani na waya mnene wa alternator ambao una umeme muda wote.

Inua upande wa kulia mbele, weka stendi chini ya sehemu ngumu ya bodi, toa tairi na kinga ya plastiki ya chini upande huo. Usiingize mikono wala kichwa chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Weka beseni, fungua kifuniko cha rejeta kisha kizibo cha plastiki kilicho chini ya rejeta. Kizibo hiki huvunjika kikilazimishwa, kiende kwa vidole. Kuna tundu jingine la kumwagia maji ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini. Ukiliacha, sehemu kubwa ya maji machafu inabaki ndani ya injini. Maji yenye kulanti ni sumu na yana utamu unaovutia mbwa na watoto. Yatie kwenye dumu, ufunike, usimwage uani.

Kabla mkanda haujalegea, legeza kwanza boliti tatu za puli ya pampu kwa robo mzunguko. Mkanda ndio unaoishika puli isizunguke, na ukishautoa utajikuta unahangaika na bisibisi kuizuia. Ni jambo dogo linalookoa nusu saa.

Legeza boliti za alternator, 12 na 14, sukuma alternator kuelekea injini, toa mkanda. Kama utaurudisha huohuo, weka alama ya mshale kwa chaki kuonyesha unakozungukia. Toa puli. Kwenye baadhi ya magari nafasi ni finyu, na ni afadhali kutoa alternator kabisa kuliko kukwaruza mikono na kuvua pembe za boliti. Ikibidi kutoa maunting ya kulia ya injini, weka jeki na kipande cha ubao chini ya sampo (beseni la oili la injini) kwanza ili injini isishuke.

Pampu imeshikwa na boliti tatu na nati mbili. Urefu wa boliti unaweza kutofautiana, kwa hiyo chora umbo la pampu kwenye kipande cha katoni, toboa matundu, na kila boliti ichomekwe mahali pake. Boliti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inagonga mwisho kabla ya kukaza, na ukiendelea kuisukuma unapasua aluminiamu ya injini.

Pampu ikigoma kutoka, igonge pembeni kwa nyundo ya raba. Usichomeke bisibisi kati yake na injini, maana mkwaruzo utakaouacha pale ndio utakaovuja baadaye. Jiandae, maji mengine yatamwagika.

Kusafisha na kufunga

Hapa fundi wengi hukimbia, na hapa ndipo pampu mpya zinapovuja.

Ziba tundu la maji kwa kitambaa. Kwangua mabaki ya gasketi na silikoni kwa kikwanguo cha plastiki. Wembe ukilazimika, ulaze, usiuchimbie. Msasa na burashi ya waya ya mashine viweke mbali, vinachimba mabonde kwenye aluminiamu. Futa kwa kitambaa chenye petroli kidogo hadi kidole kikipita hakikwami. Ukikuta vishimo vilivyoliwa na kutu vinavyokatisha njia ya gasketi, hapo tu ndipo tabaka jembamba la silikoni linaruhusiwa.

Vinginevyo gasketi inakaa kavu. Mazoea ya kupaka silikoni pande zote mpaka itoke pembeni kama krimu ya keki yanatoka enzi za gasketi za karatasi. Kinachoonekana kimetoka nje, kimetoka pia ndani, na huko kinakatika vipande vinavyokwama kwenye thamostati na mirija ya rejeta.

Kabla ya kuweka pampu, chomoa kitambaa. Ndiyo, kinasahaulika.

Ingiza boliti na nati zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kwa kupishana, kama unavyokaza nati za tairi, mizunguko miwili: wa kwanza nusu, wa pili hadi Nm 11. Kwa asiye na spana ya torki, hiyo ni sawa na uzito wa kilo 11 kuning'inia kwenye mpini wa sentimita 10. Ni kidogo kuliko mkono wa fundi unavyotaka. Boliti hizi za spana 10 hukatika kwa urahisi, na kutoa kipande kilichobaki ndani ya bloku ni kazi kubwa kuliko pampu yote. Boliti za puli ni Nm 15.

Zungusha puli kwa mkono. Kama inakwaruza, fungua tena sasa hivi, usiwashe ukitumaini itajizoesha.

Mkanda uliokazwa kupita kiasi huua beringi ya pampu na ya alternator pamoja. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu kwa nguvu ya kilo 10 hivi: ushuke kama sentimita moja. Uhakikishe umekaa kwenye mifereji yote ya kila puli, kwani kuruka mfereji mmoja ni kosa la kawaida lisiloonekana kutoka juu.

Kwa kuwa mfumo uko wazi, pima thamostati. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni ikiwa imening'inia kwa uzi. Nyingi za injini hizi huanza kufunguka karibu nyuzi 82, kwa hiyo maji yanapotokota, ambayo kwa hapa ni nyuzi 96, iwe wazi kabisa. Isipofunguka, au isipojifunga ikipoa, nunua mpya. Unaporudisha, kile kivalvu kidogo kinachotikisika kikae juu ili hewa ipite.

Ushauri wa "toa thamostati, Dodoma kuna joto" upuuzwe. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Hivyo gari linaweza kuchemsha mlimani na kubaki baridi usiku barabarani, likila mafuta zaidi.

Maji ya kuweka

Kama kilichomwagika kilikuwa na rangi ya kutu, suuza kabla ya kuweka kulanti. Jaza maji safi, washa hadi mpira wa chini wa rejeta upate moto, zima, acha ipoe, mwaga. Rudia hadi yatoke meupe, mara tatu kwa kawaida. Wakati wa masika maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza yanafaa sana kusuuzia, kwa kuwa hayana chumvi ya ardhini. Suuzo la mwisho liwe la maji yaliyotoneshwa.

Maji yaliyotoneshwa hupatikana kwenye maduka ya betri, na hapa kuna mtego. Watu huita "maji ya betri" vitu viwili: maji ya kuongezea na asidi ya kuanzishia betri mpya. Vyombo vyake hufanana. Soma lebo, na usipoelewa muulize muuzaji waziwazi, maana asidi kwenye rejeta ya aluminiamu ni hasara isiyorekebishika.

1NZ-FE huchukua karibu lita 5 kwa jumla. Kulanti nzito inachanganywa nusu kwa nusu: lita 2.5 kwa lita 2.5. Ukiwa umesuuza, kuna maji yaliyobaki ndani ambayo hayakutoka, hivyo anza kwa kumimina lita 2.5 za kulanti nzito peke yake, kisha malizia kwa maji yaliyotoneshwa hadi ijae. Ukichanganya kwenye ndoo na kumimina, mabaki yale yanapunguza nguvu ya mchanganyiko bila wewe kujua. Kulanti ya waridi ya Toyota huja ikiwa imeshachanganywa, haiongezwi maji. Kwa hiyo ukiamua kuitumia, hakikisha umefungua na tundu la bloku. Usichanganye kijani na nyekundu, dawa zake zinaweza kupingana na kuacha utope.

Dodoma hakuna barafu, kwa nini basi kulanti? Kwa sababu ndani yake kuna dawa ya kuzuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Chupa za bei ya kutupa zenye maji ya rangi na harufu ya sabuni hazina kimojawapo.

Kutoa hewa

Hewa iliyofungiwa ndani huifanya pampu izunguke bila kusukuma maji, na sili yake, ambayo hulainishwa na maji yenyewe, huungua. Pampu mpya imeharibiwa hivyo siku ileile iliyofungwa. Kamwe usiwashe injini kavu "kusikiliza mlio".

Rudisha waya wa betri, inua pua ya gari kidogo, weka swichi ya hita kwenye moto kabisa. Mimina polepole huku ukikamua mpira wa juu wa rejeta. Maji yakitulia, washa injini kifuniko kikiwa wazi, iache silensa, yaani bila kukanyaga mafuta. Yatashuka, ongeza. Baada ya dakika kadhaa panda hadi mizunguko 2,000 hivi kwa dakika moja, achia, ongeza tena. Endelea hadi mapovu yakome, mpira wa chini upate moto na hita ipulize moto. Funga kifuniko, subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Zima, acha ipoe kabisa, fungua uangalie tena, mara nyingi itataka robo lita nyingine. Tangi la akiba lijazwe hadi alama ya juu.

Hita inayopuliza baridi wakati injini ni moto ni ushahidi kwamba hewa bado ipo.

Kama bado kuna tatizo

Tone moja mbili kutoka kitunduni katika kilomita za mwanzo si ajabu, sili inajilaza. Ikiendelea siku ya pili, pampu irudi dukani. Kuvuja kwenye ukingo wa gasketi hakutibiki kwa kuongeza kukaza, fungua usafishe upya. Mkanda unaolia asubuhi tu umelegea au umelowa kulanti, uoshe puli kwa sabuni na maji. Mkoromo mpya uliosikika baada ya kufunga unatokana mara nyingi na puli isiyokazwa. Dawa za kumimina za kuziba mvujo zisiingie kabisa, haziwezi kutofautisha tundu la mvujo na mrija wa rejeta.

Injini nyingine

Noah ya zamani, RAV4 na Ipsum zenye 3S-FE, pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ni upotevu kuubadili na kuacha pampu kuukuu nyuma yake, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile. Alama za taimingi ziwekwe sawa kabla ya kugusa chochote. Asiyewahi kuifanya amwachie fundi.

Land Cruiser ya 1HZ na Hiace ya 3L au 5L, feni imefungwa juu ya pampu yenyewe kupitia koplingi yake. Panga moja la feni lililovunjika ncha, au koplingi inayoyumba, hutikisa shafti na kumaliza beringi ya pampu mpya mapema. Ikague kabla ya kurudisha, na ikibidi ibadilishe pamoja.

Baada ya kilomita 100 hivi, injini ikiwa baridi, angalia kimo cha maji, pima mkanda tena kwani mpya hunyooka, na pitisha tochi chini ya kitundu. Kulanti nyekundu ya kawaida ibadilishwe kila miaka miwili au kilomita 40,000. Andika tarehe na kilomita kwa rangi kwenye ukuta wa ndani wa boneti, mahali ambapo hata fundi mwingine atapaona kabla hajachukua dumu la maji ya bomba.